Kuandika historia ya kijiji wazee wangali hai: tuanze na makaratasi au na watu, na tufanyeje koo mbili zinapotofautiana?

Mwalimu wa Kata (Mufindi)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wa Iringa, Mufindi na Njombe, kamwene.

Nafundisha somo la historia katika shule ya sekondari ya kata, tarafa ya Malangali. Serikali ya kijiji imeniteua, pamoja na wazee kadhaa na vijana wawili wanaojua kutumia simu vizuri kuliko mimi, kukusanya historia ya kijiji chetu, na mkutano mkuu wa kijiji umeliridhia jambo hilo. Kilichowasukuma ni aibu iliyotokea darasani na kusimuliwa hadi kilabuni: wanafunzi wa kidato cha pili walieleza bila kusita jinsi Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alivyolisambaratisha jeshi la Wajerumani la Zelewski kule Lugalo mwezi Agosti 1891, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kwa nini makaburi ya babu zao yako ng'ambo ya mto, mwendo mrefu kutoka nyumba wanazoishi. Wapo waliodhani ni desturi ya kabila kuzika mbali. Hawakujua kwamba kule ng'ambo ndiko kijiji kilikokuwa kabla ya Operesheni Vijiji, yaani ule uhamishaji wa watu kwenda vijiji vipya miaka ya 1970, na kwamba vichaka vile wanavyochungia mbuzi ni mahame ya watu wanaowafahamu kwa majina.

Tulichonacho ni hiki. Katika ofisi ya mtendaji kuna kabati lenye madaftari ya mihtasari ya vikao, orodha za kaya na barua za wilayani, ya zamani kabisa yakiwa ya katikati ya miaka ya 1970, na mchwa wameshaanza kazi katika rafu ya chini. Wazee waliokwenda manamba kwenye mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro wamebaki wachache sana, ila waliofanya kazi ya kujenga reli ya TAZARA bado wana nguvu na maneno mengi. Kuna kinamama ambao hakuna mtu aliyewahi kuwauliza lolote. Kuna pia picha zilizotundikwa kwenye kuta za sebule, nyingi zikiwa zimeshikamana na kioo.

Maswali yangu ni matatu. Kwanza, kwa kuwa fedha zetu ni za kununulia vocha na daftari tu, tuanze na makaratasi au na wazee? Pili, koo mbili zinabishana kuhusu nani alikuwa wa kwanza kufyeka msitu na kukaa hapa, na kila upande unataka jina lake litangulie, sasa sisi tuandike nini? Tatu, kuna msitu mdogo wa matambiko ambao vijana wanataka kuupiga picha na kuziweka kwenye kundi letu la WhatsApp lenye wanakijiji walioko Dar es Salaam, Mbeya na kwingineko, na wazee wamegawanyika. Naomba ushauri wa watu waliowahi kushika kazi ya namna hii.

Karani Mstaafu (Mbeya)

Mwalimu, pokea pongezi zangu. Kwa mtu aliyefanya kazi masjala kwa muda mrefu, jibu la swali lako la kwanza ni makaratasi, tena kesho asubuhi, kwa sababu mchwa hangoji kikao.

Liondoe kabati ukutani, lisigusane na ukuta hata kidogo, maana mchwa hupanda kwa kujenga njia ya udongo ukutani kabla ya kuingia kwenye mbao. Miguu yake iwekwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Madaftari yaliyoguswa na mchwa yatolewe nje, yapunguzwe vumbi kwa brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, na yakauke kivulini mahali penye upepo. Usiyaanike juani, kwani wino wa kalamu za zamani hufifia na karatasi hukakamaa. Usipulizie dawa ya wadudu juu ya karatasi. Pini na vibanio vilivyoshika kutu vitolewe polepole. Karatasi iliyochanika usiitie gundi ya selotepu, maana baada ya miaka michache gundi hiyo hugeuka rangi ya chai na kuila karatasi yenyewe, na usikubali mtu mwenye nia njema akakushauri kuzifunika kwa plastiki ya moto kama vyeti, kwa kuwa hazitafunguka tena. Wengi hukimbilia sanduku la bati. Kwa baridi ya Mufindi ya mwezi Juni na Julai, bati hutoa jasho kwa ndani na ukungu huanzia hapo, hivyo boksi la karatasi ngumu, likiwa juu ya rafu katika chumba kikavu, ni bora zaidi.

Kisha mpige picha kila ukurasa, pamoja na ile iliyo tupu, mkiwa karibu na dirisha mchana na bila kuwasha taa ya simu. Picha ya kwanza ya kila daftari iwe ya jalada, na pembeni yake kikaratasi chenye jina la kijiji, jina la daftari na tarehe mliyopiga.

Jambo moja la kisheria: mihtasari na orodha hizo ni nyaraka za umma, na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inazihusu, kwa hiyo zisiondoke ofisini kwenda nyumbani kwa mwanakamati hata kama nyumba yake ni salama kuliko ofisi. Mtendaji akabidhi na kupokea kwa maandishi. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayoweka kanuni kwamba nyaraka za serikali hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30, na madaftari yenu ya miaka ya 1970 yameshapita umri huo.

Mwisho, mkipata mtu anayekwenda Dar es Salaam, aulize Nyaraka za Taifa kuhusu Vitabu vya Wilaya vilivyoandikwa na mabwana shauri wa Kiingereza. Ndani yake mna orodha za machifu, mipaka, desturi na simulizi za chimbuko la koo. Visomwe kwa tahadhari, hata hivyo. Kuanzia mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, Waingereza walitawala kupitia watawala wa kienyeji, na bwana shauri aliyeandika kwamba ukoo fulani ndio wenye uchifu alikuwa mara nyingi anatafuta mtu wa kumkabidhi kodi na baraza. Mzee aliyefika bomani mapema na kuzungumza vizuri ndiye aliyeingia kitabuni.

Mjukuu wa Manamba (Njombe)

Namheshimu sana mzee wangu Karani, ila hapa sikubaliani naye. Karatasi ikishahamishwa kutoka rafu ya chini kwenda ya juu inaweza kusubiri mwaka mzima. Mzee wa miaka 88 mwenye kifua hawezi kusubiri masika yapite. Kazi ya mchwa ni ya siku moja au mbili, ifanyeni, halafu nendeni kwa wazee.

Tulifanya kazi kama hii katika kijiji chetu huku Ubena, na nitakueleza yaliyotusaidia. Usiwakusanye wazee wote barazani na kuwauliza historia ya kijiji ni ipi. Atazungumza mmoja, yule yule anayezungumza kila msiba, na wengine wataitikia. Nenda kwa kila mmoja nyumbani kwake, saa ambayo si ya shamba, na uulize mambo madogo. Tulipouliza kuhusu Operesheni, tulipata hotuba kuhusu maendeleo, shule na zahanati. Tulipobadilisha swali na kuuliza usiku wa kwanza mlilala wapi na mlibeba nini, bibi mmoja alinyamaza kidogo, kisha akatuambia kwamba lori lilijaa milango na boriti za wanaume, naye akalibeba jiwe lake la kusagia kichwani njia nzima, kwa sababu lilikuwa la mama mkwe wake na asingeweza kulijibu suala la kuliacha. Jiwe lenyewe lipo hadi leo, nyuma ya jiko, kuku wanalinywea maji. Daftari la mtendaji lisingeweza kukupa habari hiyo, kwa sababu katibu wa siku zile aliandika idadi ya kaya zilizohamia na kufunga kikao.

Kinamama ni lazima wafuatwe na mwanamke mwenzao. Wanajua nani aliolewa kutoka wapi, mbegu gani ililetwa na nani, mwaka gani walikula mizizi, na wanazo nyimbo za kutwanga zenye majina ya watu wanaosutwa. Waacheni waseme kwa lugha yao, Kihehe au Kibena, na tafsiri ya Kiswahili ije baadaye kwa maandishi. Mzee anayelazimishwa kusimulia kwa Kiswahili husimulia kama anayetoa ushahidi mahakamani: mfupi, mkavu, na mwenye kutaka kumpendeza anayeuliza.

Miaka msiwadai. Wengi hawana tarehe, lakini wana matukio, na matukio hayo yana tarehe. Ulikuwa umeshaoa wakati Wachina walipokuwa wakijenga reli? Hapo tupo kati ya 1970 na 1975. Mtoto huyu alizaliwa kabla ya vita vya Amini au baada? Hiyo ni 1978 na 1979. Mama yako alikuambia nini kuhusu nzige? Waliozaliwa kabla ya Uhuru wengi walisikia habari za nzige wa miaka ya 1930 kutoka kwa wazazi wao. Ukihitaji uhakika zaidi, vitabu vya ubatizo vya misheni vina tarehe, jina la baba, jina la mama na mara nyingi kijiji, na kwa eneo lenu na letu misheni za Kilutheri na Kikatoliki zimeandika kwa miaka mingi. Nenda na barua ya utambulisho, uzungumze na mchungaji au paroko kwa adabu, na usiombe kuondoka na kitabu.

Kuhusu manamba, uliza kipande. Babu yangu alihifadhi chake ndani ya Biblia: kadi ngumu yenye visanduku vya siku za kazi, ambavyo nyapara alitia alama kila kazi ya siku ilipomalizika, na mshahara ulilipwa visanduku 30 vilipojaa. Siku uliyougua au uliyoshindwa kumaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa, kwa hiyo mwezi wa katani ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Ukimshikisha mzee kipande mkononi, hata kama si chake, utasikia majina ya malori, kambi za njiani na mashamba ambayo hakuyataja ulipomuuliza kwa maneno matupu. Waajiri wa katani walianzisha chombo chao cha kuandikisha vibarua mwaka 1944, SILABU, na jina hilo wazee wa huku hawalisahau.

Na nyinyi wa Malangali mna urithi mwingine ambao nashangaa hukuutaja, Mwalimu. Shule ya serikali ya Malangali ilifunguliwa mwaka 1928 chini ya Mwingereza W. B. Mumford, ambaye aliwaleta wazee shuleni wawafundishe vijana mila, ngoma na matumizi ya mikuki pamoja na masomo ya darasani. Unaweza kuutilia shaka mpango ule, kwani mkoloni alikuwa na sababu zake za kutaka Mwafrika abaki Mwafrika, lakini watoto na wajukuu wa wale wanafunzi na wale wazee wako jirani yako.

Wakili wa Kijijini (Tukuyu)

Mwagonile, Mwalimu. Nitajibu swali la pili, ambalo waliotangulia wamelipita kimya kimya, na ndilo litakaloivunja kamati yenu.

Jiulize kwanza kwa nini koo hizo mbili zinabishana sasa, miaka mingi baada ya huyo aliyefyeka msitu kufa. Mara nyingi nyuma ya swali la nani alitangulia kuna shamba, mlima wenye miti ya kupandwa, au mwekezaji anayetafuta ardhi. Kwa Mufindi, ambako mti na chai vimeipa ardhi bei, sitashangaa. Mkiandika katika kitabu chenye muhuri wa kijiji kwamba ukoo fulani ndio wenyeji wa kwanza, kitabu hicho kitafika kwenye baraza la ardhi kabla hakijafika shuleni.

Waelezeni wahusika mapema, tena katika mkutano wa hadhara, kwamba historia na hati ya ardhi ni vitu viwili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 15, ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika wakati wa Operesheni, yaani kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, hata pale ulipofanyika kinyume cha taratibu. Maana yake ni kwamba simulizi ya babu aliyefyeka msitu, hata ikiwa ya kweli tupu, haimwondoi mtu aliyegawiwa eneo hilo wakati ule. Nimeona hasira zikipungua watu walipoelewa hivyo. Nimeona pia upande mmoja ukipoteza hamu ya historia papo hapo, na hilo nalo likawa jibu.

Baada ya hapo, andikeni simulizi zote mbili kwa ukamilifu, kila moja ikiwa na jina la msimulizi, ukoo wake, umri wake, alikuwa akikaa wapi, na alisikia kutoka kwa nani. Usiandike "kijiji kilianzishwa na fulani". Andika kwamba mzee fulani wa ukoo fulani, aliyesikia kwa baba yake, anasema hivi, na kwamba mzee mwingine, aliyesikia kwa bibi yake mzaa mama, anasema vile. Mambo ambayo pande zote mbili zinakubaliana yatajitokeza yenyewe, nayo huwa mengi kuliko wanavyodhani: njia waliyopitia, mto waliouvuka, njaa au vita vilivyowasukuma.

Kuhusu msitu wa matambiko, msimamo wangu ni mkali. Huku kwetu Rungwe, Lubaga, mahali pa matambiko pa Lwembe, mtawala mtakatifu wa Wanyakyusa, pameandikwa na wataalamu tangu enzi za Waingereza, na bado wazee wanaamua nani aingie na aone nini. Kujulikana kwa jina la mahali hakumpi mtu ruhusa ya kupiga picha kilichomo. Simulizi ya msitu iandikwe kwa kadiri watunzaji wake wanavyoruhusu, na picha zisipigwe hadi wao wenyewe waseme. Picha ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp haina mwenyewe tena. Na pale mnapowapiga picha wazee au watoto, ombeni ridhaa na mwiandike, maana tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na hakuna haja ya kujitafutia kesi.

Mwalimu wa Kata (Mufindi)

Nawashukuru sana. Kabati tumeshalisogeza, na makopo ya oili yamepatikana kwa fundi pikipiki bila malipo. Wakili, umenisoma kama uliyekuwapo: kweli kuna mlima wenye misindano iliyokaribia kuvunwa.

Hata hivyo nina ugumu mmoja ambao ni wa kimwalimu. Nikimpelekea mwanafunzi wa kidato cha kwanza simulizi mbili zinazopingana, ataniuliza ipi itatoka kwenye mtihani. Wazazi nao wanasema wanataka kitabu kimoja chenye historia moja, kisomwe, kiishe. Mwenyekiti wetu amependekeza kamati ikae, ipime, na iamue. Je, hakuna mahali ambapo ni lazima mtu aamue?

Binti wa Kalenga (Iringa)

Kaka Mwalimu, kamwene. Mahali pa kuamua papo, lakini uamuzi uandikwe kwamba ni uamuzi, na sababu zake ziandikwe. Nitatoa mfano wa kwetu.

Kila mgeni anayeingia katika makumbusho ya Kalenga huja kuona fuvu la Mkwawa. Habari yenyewe inajulikana: Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, Mtwa, yaani Mkwawa mwenyewe, akapigana vita vya porini kwa karibu miaka minne, akajiua kule Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Kurudishwa kwake kuliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, lakini fuvu halikufika hadi tarehe 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge baada ya Uhuru. Wageni wengi huishia hapo na kupiga picha.

Wachache huuliza lilitambuliwaje. Twining alikwenda Bremen, ambako makumbusho yalikuwa na mafuvu mengi, na fuvu lilichaguliwa kati ya yale yaliyotoka Afrika Mashariki ya Wajerumani kwa kulinganisha vipimo vyake na vichwa vya ndugu wa ukoo, na kwa tundu lililodhaniwa kuwa la risasi. Hapakuwa na kikaratasi chenye jina. Aliyelihifadhi hakuandika ni la nani, lilitoka wapi na lililetwa na nani, na kwa sababu hiyo hadi leo wapo watafiti wanaouliza kama ndilo lenyewe. Wahehe walilipokea kwa heshima na wamelitunza, nami sioni kosa katika hilo. Ninachotaka uone ni kwamba walioamua mwaka ule waliacha kumbukumbu ya jinsi walivyoamua, na ndiyo maana sisi tunaweza kuizungumzia leo tukiwa watu wazima. Kamati yenu ikiamua kwamba simulizi moja ina uzito zaidi, iseme ni kwa sababu gani: labda vitabu vya ubatizo vinaiunga mkono, au labda watu wa kijiji jirani wasio na masilahi wanasimulia vivyo hivyo.

Kuhusu wanafunzi, nadhani unawadharau kidogo. Wape simulizi zote mbili na uwatume kwa bibi zao. Kazi ya mradi ya kidato cha pili inatosha kabisa kuwa hiyo. Wakija Iringa mjini, wapeleke pia Boma, lile jengo la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016, waone jinsi vyombo vya nyumbani na simulizi za kawaida vilivyowekwa mahali pa heshima. Mtoto aliyezoea kudhani historia ni vita tupu atashangaa kukuta kibuyu kimeandikiwa maelezo. Na mkipita Isimila, ambapo zana za mawe zilizochongwa na watu wa kale zinaonekana zimelala chini kwenye korongo, mwambie asiokote hata moja: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda, na jiwe likishaingia mfukoni bila kuandikwa lilikuwa wapi, limebaki kuwa jiwe tu.

Sina kinyongo na mtu, ila niongeze na hili. Alikuja kijijini kwetu mtu na kamera nzuri, akawarekodi wazee kwa siku kadhaa, akaahidi kurudisha nakala, na hatujamwona tena. Baadhi ya wazee wale wamefariki na sauti zao hatunazo. Mkimkubali mgeni yeyote awasaidie, nakala ibaki kijijini siku hiyo hiyo kabla hajapanda gari.

Mjukuu wa Manamba (Njombe)

Naunga mkono hilo la nakala, na naongeza la usomaji. Kabla hamjachapisha chochote, rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wale waliohojiwa, kitongoji kwa kitongoji, maana wengi hawasomi au macho yamechoka. Sisi tulisoma chini ya mti, kijana mmoja akisoma na mwingine akiandika masahihisho. Mzee mmoja alikataa jina la mto tulilokuwa tumeliandika, akasema hilo ni jina la wapima ramani, na watu watatu wakainuka kumuunga mkono. Wengine waliomba sehemu fulani iondolewe, hasa habari za nani alimshtaki nani wakati wa Operesheni, na tuliiondoa katika kitabu lakini tukaiacha katika rekodi ya sauti, ambayo imefungwa hadi msimulizi atakapofariki. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza hivyo.

Kuhusu kugawa, msiweke matumaini yote kwenye kitabu. Gharama ya kuchapa itawachelewesha. Vijana wetu walikata sauti katika vipande vifupi, mzee mmoja habari moja, na vipande hivyo vinasambazwa kwa kadi za simu kwenye kibanda cha kuchaji. Madereva wa bodaboda ndio wasikilizaji wakubwa. Walioko mijini hutumiwa kwenye kundi, nao hujibu kwa kutuma picha za zamani walizoondoka nazo, ambazo hatukujua kama zipo.

Mwalimu wa Kata (Mufindi)

Nimekubali. Tutaandika simulizi zote mbili, na mahali ambapo kamati itaelemea upande mmoja sababu itaandikwa chini yake. Msitu hautapigwa picha. Wiki ijayo tunaanza na mzee aliyefanya kazi kwenye mahandaki ya reli kati ya Mlimba na Makambako, kwa kuwa afya yake si nzuri, na mke wangu ataanza na kinamama wa kitongoji cha juu. Swali langu la mwisho ni kwa mzee Karani: mafaili ya simu tuyape majina gani, na tuyaweke wapi?

Karani Mstaafu (Mbeya)

Mwanangu Mjukuu wa Manamba ameshinda hoja, nami nafurahi kushindwa na mtu anayejua kazi.

Majina ya mafaili yaanze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ndipo jina la kijiji, jina la msimulizi na namba ya kipande. Ukianza na mwaka, simu na kompyuta zitayapanga zenyewe kwa mfuatano. Msiyaache na majina ambayo simu imeyatoa, maana baada ya muda hakuna atakayejua sauti ipi ni ya nani. Pamoja na hayo kuwe na daftari la mkono, lenye mstari mmoja kwa kila rekodi: nani, lini, wapi, lugha gani, alizungumzia nini, na kama amekubali isikilizwe na watu wote au wachache.

Nakala ziwe tatu na zisikae chini ya paa moja: moja katika kompyuta ya shule, moja kwa afisa utamaduni wa wilaya kwa barua ya makabidhiano, na moja kwa mwanakijiji mwaminifu anayeishi mbali. Kadi ya simu isihesabiwe kuwa nakala, kwani hufa bila kuaga. Mkiwatumia wa mjini picha za nyaraka kwa WhatsApp, zitumeni kama dokumenti, kwani zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ubora na maandishi ya kalamu ya risasi hayasomeki tena.

Na kabla hujaanza na huyo mzee wa mahandaki, zima mtandao wa simu ili isiite katikati ya maneno yake, na kama nyumba yake ni ya bati, angalia mawingu kwanza.